Tusiwasingizie majini, watoto wetu hawalali

Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuzungumzie jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku, lakini ni wachache tuliowahi kukaa na kulitafakari. Jambo hilo ni usingizi. Siandiki kama daktari, la hasha. Mimi ni mwalimu wa somo la Maarifa ya Uislamu. Naandika kwa sababu kuna kijana mmoja nilimkosea, na naamini kosa nililolifanya mimi linafanywa hadi leo katika shule, madrasa na majumba yetu mengi.

Kijana huyo alikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya bweni niliyokuwa nikifundisha. Mtoto mtulivu, mwepesi wa kuhifadhi Qur'an. Usiku mmoja wenzake walikuja kunigongea mlango wakisema amekabwa. Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani anatetemeka, jasho linamtoka. Akanisimulia kwamba aliamka, akaliona dari la bweni, akazisikia pumzi za mwenzake wa kitanda cha juu, lakini hakuweza kunyanyua hata kidole. Kifua kilikuwa kizito kama mtu aliyekaliwa. Pembeni ya kitanda aliona kivuli cha mtu asiye na uso. Alitaka kusoma Ayatul Kursiy lakini ulimi haukunyanyuka. Baada ya muda mfupi hali ile ikamwachia. Ndani ya wiki mbili ikamtokea mara tatu.

Hatukusubiri wala hatukuuliza. Tulimwita mtu wa kusoma ruqya. Kwa usiku mbili mfululizo kijana alishikwa, mimi mwenyewe nikiwa nimemshika miguu, akasomewa kwa sauti kubwa sikioni mpaka karibu na adhana ya alfajiri, huku akiulizwa, "Wewe nani? Nani amekutuma?" Mtoto alilia akasema, "Ustadhi, mimi ni mimi." Tukamwambia kwamba anayesema hayo si yeye. Usiku wa tatu, alipoachwa alale, jinamizi lilimjia mara mbili.

Mjomba wake alipopata habari alikuja, tukafuatana naye kumpeleka kijana hospitali. Daktari aliyetupokea, Muislamu mtu mzima, hakuyakanusha majini wala hakuyajadili. Aliuliza swali moja tu: "Kijana, unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi?" Akajibu, "Prepo inaisha saa tano usiku, nalala saa tano na nusu. Kengele ya tahajjud inapigwa saa tisa na nusu." Daktari akanigeukia, akasema kwa upole, "Ustadhi, mtoto huyu analala saa nne." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu ratiba ile nilishiriki kuipanga.

Kijana alipumzishwa nyumbani kwa bibi yake wiki mbili. Alilala mapema, akasoma nyiradi zake za kulala kama kawaida, na jinamizi halikurudi. Tangu hapo niliona ni wajibu wangu kujifunza ni kitu gani hasa kilichompata. Nitakayoyaeleza hapa ni yale niliyojifunza, nikiyapima kwa mafundisho ya dini yetu.

Mishipa ya fahamu ni nini?

Mwenyezi Mungu (s.w) ameuumba mwili wa mwanadamu ukiwa na makao makuu mawili ya uongozi: ubongo, ulio ndani ya fuvu, na uti wa mgongo, ulio ndani ya pingili za mgongo. Kutoka katika makao makuu hayo inatoka mishipa ya fahamu, kama nyaya za simu zitokavyo kituoni, mpaka inafika kwenye ngozi, misuli, moyo, tumbo na kila pembe ya mwili. Mishipa hiyo ya nje ya ubongo na uti wa mgongo ndiyo tutakayoizungumzia.

Imepangwa kwa jozi, kulia na kushoto. Jozi 12 zinatoka kwenye ubongo. Hizi zinahudumia macho, pua, masikio, uso, ulimi na koo, na jozi moja, ile ya kumi, inashuka mpaka kwenye moyo, mapafu na tumbo. Jozi nyingine 31 zinatoka kwenye uti wa mgongo: 8 shingoni, 12 kifuani, 5 kiunoni, 5 nyongani na 1 mwishoni kabisa mwa mgongo. Jumla ni jozi 43.

Kazi za mishipa hii ni za namna tatu:

(i) Mishipa inayopeleka habari ndani. Hii ndiyo inayouarifu ubongo kuwa maji ni ya moto, au kwamba kuna mwiba unyayoni. Mishipa minene hupeleka habari kwa kasi inayoweza kufika mita 120 kwa sekunde, na ile myembamba inayobeba maumivu ya kuchoma hupeleka kwa kiasi cha mita moja tu kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kwenye jiwe, kwanza unajua umejikwaa, kisha baada ya kitambo kidogo ndipo maumivu yenyewe yanapokuja.

(ii) Mishipa inayotoa amri kwa misuli. Ukitaka kunyanyua mikono kwa takbira, amri inatoka kwenye ubongo, inapita kwenye uti wa mgongo, na mishipa hii inaifikisha kwenye misuli ya mabega na mikono. Huu ni upande wa hiari yetu.

(iii) Mishipa isiyongoja hiari yetu. Hii inaendesha moyo, tumbo, jasho, mboni ya jicho na mishipa ya damu, tukiwa tunajua au hatujui. Nayo ina pande mbili. Upande mmoja ni wa dharura: ukiona nyoka, moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, damu inakimbilia misulini. Upande wa pili ni wa utulivu: moyo unatulia, tumbo linasaga chakula, mwili unajijenga. Ile jozi ya kumi iliyotajwa juu ndiyo kubwa kuliko zote katika upande huu wa utulivu.

Sasa jiulize, ndugu msomaji: unapolala, nani anauendesha moyo wako? Nani anakupumulisha? Kama kazi hiyo ingeachwa kwenye hiari yetu, hakuna hata mmoja wetu ambaye angethubutu kulala. Hapa ndipo tunapoanza kuielewa maana ya Ayatul Kursiy (2:255), pale Allah (s.w) anapojisifu kuwa hapatwi na kusinzia wala kulala. Sisi tunalala, Yeye ndiye anayetusimamia.

Usingizi una hatua

Zamani watu wengi walidhani kuwa usingizi ni kitu kimoja tu, kama taa iliyozimwa. Mjerumani Hans Berger alipofanikiwa mwaka 1924 kunasa umeme wa ubongo wa mwanadamu kwa waya zilizowekwa kichwani, mlango ulifunguka wa kuuchunguza usingizi bila kumwamsha aliyelala. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walieleza kwamba kuna vipindi vya usiku ambavyo macho ya aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba wakiamshwa wakati huo watu wengi husema walikuwa wanaota.

Leo wataalamu wanazihesabu hatua nne. (Vitabu vya kabla ya mwaka 2007 vilitaja tano, kwa sababu hatua ya tatu ilikuwa imegawanywa mara mbili.) Hatua zenyewe ni hizi:

Hatua ya kwanza ni ya kusinzia. Huchukua dakika chache. Misuli inaanza kulegea, macho yanazunguka polepole, na mtu akiitwa anaitika, pengine akakataa kabisa kuwa alikuwa amelala. Hapa ndipo mtu hushtuka ghafla kama anayeanguka shimoni.

Hatua ya pili ni usingizi mwepesi. Moyo unapunguza mwendo, joto la mwili linashuka, na ubongo unaanza kuzizuia sauti za nje zisimfikie mlalaji. Karibu nusu ya usiku wa mtu mzima inapita katika hatua hii.

Hatua ya tatu ni usingizi mzito. Mawimbi ya ubongo yanakuwa makubwa na ya polepole. Ule upande wa utulivu wa mishipa ya fahamu ndio unaotawala, na shinikizo la damu liko chini. Mwili wa mtoto humwaga kwa wingi homoni ya ukuaji wakati huu. Ukimwamsha mtu hapa ataamka amechanganyikiwa. Watoto wanaotembea usingizini, au wanaopiga kelele usiku na asubuhi hawakumbuki kitu, mara nyingi wako katika hatua hii.

Hatua ya nne ni usingizi wa ndoto, ule wa macho kuchezacheza. Ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, pumzi na mapigo ya moyo vinakosa mpangilio mmoja, lakini misuli ya mikono, miguu na shingo inakuwa imefungwa kabisa. Mfaransa Michel Jouvet wa mji wa Lyon alilionesha jambo hili kwa paka mwaka 1959. Shina la ubongo linatuma ujumbe wa kuzuia kwenye uti wa mgongo, na ile mishipa inayotoa amri kwa misuli inanyamaza. Misuli inayosalimika ni ya macho, na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu unaotupumulisha. Tazama hekima hiyo! Kama si kufungwa huko, kila aotaye anapigana angempiga aliye pembeni yake, na kila aotaye anakimbia angejigonga ukutani.

Hatua hizi hazipiti mara moja. Zinazunguka, kila mzunguko ukichukua kiasi cha dakika 90, na kwa usiku mmoja hupita mizunguko minne mpaka sita. Jambo la kuzingatia sana ni kwamba mizunguko haifanani. Usingizi mzito uko kwa wingi katika theluthi ya kwanza ya usingizi, na usingizi wa ndoto uko kwa wingi katika theluthi ya mwisho. Mtoto anayelala saa tano na nusu na kuamshwa saa tisa na nusu anaupata usingizi mzito, lakini sehemu kubwa ya usingizi wa ndoto anakatiwa. Huo una kazi kubwa katika kumbukumbu na katika kutuliza nafsi. Na siku nyingine akipata nafasi ya kulala, ubongo unaudai kwa nguvu.

Jinamizi ni nini basi?

Sasa tunaweza kuelewa kilichompata yule kijana. Jinamizi ni pale fahamu inapoamka kabla misuli haijafunguliwa. Mtu yuko kwenye usingizi wa ndoto, ghafla akili inazinduka, macho yanafumbuka, lakini ule ujumbe wa kuzuia bado unafanya kazi kwenye uti wa mgongo. Anataka kunyanyua mkono, amri haifiki. Anataka kusema, ulimi hauitiki. Kifua anakiona kizito kwa sababu misuli ya kifua inayosaidia kuvuta pumzi kwa nguvu nayo imefungwa, na anapumua kwa ule msuli wa chini peke yake. Na kwa kuwa ndoto haijaisha, anaona na kusikia vitu vya ndoto ndani ya chumba chake halisi. Hali hiyo huchukua sekunde kadhaa mpaka dakika chache, kisha inaondoka yenyewe.

Huwapata zaidi watu wasiolala vya kutosha, wanaobadilisha badilisha saa za kulala, wenye hofu na mawazo, na wanaolala chali. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionesha kuwa watu karibu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa nalo angalau mara moja, lakini kwa wanafunzi idadi ilifika karibu 28 katika kila 100. Wanafunzi, ndugu zangu! Hao ndio wanaokesha na vitabu na kuogopa mitihani.

Wala si jambo la Waswahili peke yao. Wajapani wanalo jina lake, kanashibari, maana yake kufungwa kama kwa chuma. Nasi hatujasahau mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotanda Pemba na kuvuka mpaka Unguja, watu wakawa wanakesha nje ya nyumba zao kwa makundi wakiota moto. Wengi wa waliosema wamevamiwa walieleza mambo yale yale: kuamka, kushindwa kujitikisa, uzito kifuani. Na kadiri watu walivyokesha kwa hofu, ndivyo walivyozidi kuukosa usingizi, na mlango wa jinamizi ukazidi kuwa wazi. Ndivyo tulivyomfanyia kijana wetu pia. Tulimnyima usingizi siku mbili zaidi kwa jina la kumtibu.

Nisieleweke vibaya. Majini yapo, na anayeyakanusha amekanusha Qur'an. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa ndoto ni za namna tatu: iliyo bishara kutoka kwa Allah (s.w), inayotokana na shetani ili kumhuzunisha mtu, na inayotokana na yale mtu anayoyazungumza nafsini mwake. Kwa hiyo Mtume mwenyewe ametupa nafasi ya sababu iliyomo ndani ya mtu. Kwa nini sisi kila kitu tunakirudisha kwenye namna moja tu? Na ruqya ya sunna ni kusoma kwa utulivu na kumuomba Allah (s.w). Kumshika mtoto, kumpigia kelele sikioni na kumlazimisha akiri kuwa yeye si yeye ni mambo tuliyoyazua wenyewe.

Wala kulitafutia jinamizi sababu ya kimwili si mambo ya Wazungu. Tabibu wa Bukhara, Akhawayni, aliyefariki mwaka 983, aliliandikia jinamizi mlango wake katika kitabu chake cha tiba kwa lugha ya Kiajemi, akalinasibisha na mvuke unaopanda kutoka tumboni kwenda kwenye ubongo. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, naye alilieleza katika Al-Qanun kwa jina la kabus miongoni mwa maradhi ya kichwa. Habari ya mvuke leo haikubaliki, lakini angalia njia yao. Walikuwa Waislamu, wanaamini majini kama sisi, na bado walianza kwa kuuliza mwili una nini. Sisi tuliokuja miaka elfu baadaye tumerudi nyuma ya pale walipokuwa wao.

Dini yetu inazijua daraja za usingizi

Kilichonishangaza zaidi ni kuona kuwa niliyokuwa nikiyafundisha darasani kila mwaka yalikuwa yananielekeza huku, nami sikuzingatia. Angalia maneno ya Qur'an. Kuna sina, ule usinzio wa kwanza uliotajwa katika Ayatul Kursiy. Kuna nuas, usingizi mwepesi wa amani waliofunikwa nao Waislamu katika vita vya Badr (8:11) na Uhud (3:154). Kuna nawm, usingizi wenyewe, uliofanywa kuwa subat, yaani mapumziko ya kukata shughuli (78:9). Na kuna ruqud, usingizi mzito wa watu wa pangoni (18:18). Sisemi kwamba maneno haya manne ndiyo zile hatua nne za maabara. Huko kutakuwa ni kuilazimisha Qur'an. Nasema tu kwamba Kitabu kinatofautisha pale sisi tunapochanganya.

Katika kisa hicho cha watu wa pangoni kuna mazingatio mawili ya mishipa ya fahamu. La kwanza, Allah (s.w) anataja kuwa aliwaziba masikio kwa miaka mingi (18:11). Jicho lina kope, sikio halina. Mtu aliyelala bado anaweza kuamshwa na jina lake likiitwa, na mama huamka kwa kilio kidogo cha mwanawe. Anayetaka kulindiwa usingizi mrefu anahitaji masikio yake yalindwe kwanza. La pili, walikuwa wakigeuzwa kulia na kushoto (18:18). Kila aliyewahi kuulalia mkono wake akaamka umekufa ganzi anajua ni kwa nini: mshipa wa fahamu umebanwa. Na kila aliyeuguza mgonjwa wa kitandani anajua kuwa asipogeuzwa anapata vidonda.

Tuje kwenye fiqh. Tunafundisha kuwa usingizi unatengua udhu. Lakini Anas (r.a) amesimulia kwamba Maswahaba walikuwa wakiisubiri swala ya Isha mpaka vichwa vyao vinainama kwa usingizi, kisha wakaswali bila ya kutawadha upya. Wanazuoni wakatofautisha. Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyelala hali amekaa imara kwenye makalio yake udhu wake haujatenguka, na aliyelala kwa kujinyoosha umetenguka. Katika Hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ali (r.a), jicho limefananishwa na kamba inayofunga njia ya nyuma, macho yakilala kamba inalegea. Hapa umetajwa mlegeo wa misuli na kupotea kwa fahamu, mambo yale yale tuliyoyaona katika hatua za usingizi. Na aliyelala ameondolewa kalamu mpaka aamke, kwa sababu hiari yake haipo.

Lakini je, tahajjud?

Najua wapo watakaosema: mwalimu huyu anataka kuwatia watoto uvivu, wacha Mungu wa zamani hawakulala. Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini hebu tumsikilize Mtume (s.a.w) mwenyewe.

Aliikuta kamba imefungwa msikitini baina ya nguzo mbili. Akaambiwa ni ya Zaynab (r.a), akichoka katika swala huishikilia. Akaamuru ifunguliwe, mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka apumzike. Akafundisha pia kuwa anayesinzia katika swala alale kwanza mpaka usingizi umtoke, kwani huenda anadhani anaomba msamaha kumbe anajiapiza. Na Salman (r.a) alipomzuia Abu Dardaa (r.a) kukesha, akamlaza, kisha wakaamka pamoja mwisho wa usiku wakaswali, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w), akasema Salman amesema kweli.

Ama kuhusu Nabii Daud (a.s), ambaye swala yake ya usiku ndiyo ipendezayo zaidi kwa Allah (s.w), alikuwa akilala nusu ya usiku, akisimama theluthi yake, kisha akilala sudusi. Piga hesabu: nusu na sudusi ni theluthi mbili. Usiku wa saa 12 ni saa 8 za kulala! Mwenye kusimama usiku kuliko wote alilala mara mbili ya walivyokuwa wakilala watoto wa bweni letu.

Siri iko mwanzoni mwa usiku. Mtume (s.a.w) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Sisi tumeichukua nusu ya sunna na kuiacha nusu. Tunawaamsha watoto theluthi ya mwisho, lakini theluthi ya kwanza tumewanyima. Majumbani hali ni mbaya zaidi, maana kuna televisheni, mechi za mpira wa Ulaya na simu zinazowaka chini ya shuka mpaka usiku wa manane. Katika safari ya kurudi kutoka Khaybar, Mtume (s.a.w) na Maswahaba walipitiwa na usingizi mpaka jua likawachomoza, na Bilal (r.a) aliyewekwa kulinda naye akapitiwa. Hakulaumiwa, kwani uzembe hauko kwa aliyelala bali kwa aliye macho. Je, anayekesha kwa upuuzi kisha alfajiri ikampita, ataitumia Hadithi hii kama hoja?

Tufanye nini?

Chuo cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2016 kuwa kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kwa siku. Kwa ratiba ya Kiislamu jambo hili linawezekana bila ya kuiacha hata swala moja. Napendekeza kwa wakuu wa shule zetu, walimu wa madrasa na wazazi:

(i) Baada ya Isha na chakula, watoto walale saa tatu usiku. Wakiamka saa kumi na nusu alfajiri watakuwa wamelala saa saba na nusu. Wakipata na qaylula ya nusu saa mchana, ambayo nayo ni sunna, wanatimiza saa nane.

(ii) Prepo ya usiku wa manane ihamishiwe baada ya swala ya alfajiri. Mtume (s.a.w) ameuombea umma wake baraka asubuhi na mapema. Tusiidharau dua hiyo.

(iii) Tahajjud kwa watoto iwe ni kuhimizwa, si kengele ya lazima. Anayetaka, aamke nusu saa kabla ya adhana.

(iv) Mtoto akipata jinamizi, aambiwe ukweli kwamba halitamuua na litaondoka. Asome nyiradi zake na alale kwa ubavu wa kulia kama tulivyofundishwa, asilale chali. Atakayemwona mwenzake katika hali hiyo amguse na kumwita kwa upole.

(v) Apelekwe hospitali mtoto anayezidi kusinzia mchana hata akilala vya kutosha, anayelegea magoti ghafla akicheka, anayekoroma na kukatika pumzi usiku, au anayekakamaa na kujing'ata ulimi. Huenda ni maradhi yenye tiba. Kumsomea Qur'an hakuzuii kumpeleka kwa daktari.

(vi) Mwalimu akimkuta mwanafunzi amesinzia darasani, kabla ya kushika fimbo amuulize lile swali la daktari: umelala saa ngapi?

Ndugu zangu, mishipa ile jozi 43 hatukuinunua, wala hatuwezi kuiamuru moyo upige tukiwa tumelala. Ni amana. Siku tutakayoulizwa kuhusu miili yetu, tutaulizwa pia kuhusu miili ya watoto tuliokabidhiwa.

Yule kijana alirudi shuleni. Nilimwita ofisini, nikamwomba radhi. Aliinamisha kichwa akasema, "Ustadhi, mimi nilikuwa nakwambia ni mimi." Nikamwambia, "Ni kweli mwanangu, ulikuwa ni wewe." Muhula uliofuata, prepo ilianza kuisha saa tatu kasorobo. Baadhi ya walimu wenzangu walinung'unika mpaka matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka yalipotoka.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.